Ni Nani Aliye Kilema? Historia Fupi ya Ulizo Moja



Piana-Mwanga yajulikana kwa sababu ya maji yake. Mto Luvua hutoka katika Ziwa Mweru pale Pweto, hushuka upande wa kaskazini kuufuata Lualaba, ukautana nao pale Ankoro. Lakini kabla ya kufika huko huanguka hapa juu ya mawe kwa kelele kubwa. Katika miaka ya 1930 kompani Géomines ilijenga hapa mtambo wa umeme, ili kuendesha machimbo yake ya bati pale Manono. Wazee wangali wanasimulia habari za mabomba na nyaya. Sisi twataka kusimulia habari ya kitu kingine kilichokuja pamoja nayo, kitu kisicho na kelele: hesabu ya watu, na ulizo moja lililo ndani yake, ni kusema: mtu huyu ni mzima, ao ni kilema?

I. Karatasi ya katekista

Jambo lenyewe lilianza hivi. Tulitaka kuandika majina ya vilema wa vijiji vyetu, tupate kujua nani apelekewe Komunyo nyumbani, na nani asaidiwe kwanza siku msaada unapofika. Tukamwambia katekista mmoja, mtu mwaminifu wa miaka mingi: «Baba, utuandikie vilema wote wa kijiji chako.» Baada ya juma mbili akaleta karatasi. Majina yalikuwa machache, twaweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono: vipofu, viwete, kiziwi mmoja, na mzee aliyepoteza vidole kwa ukoma.

Siku zile zile tulipita njia ya kijito, tukamkuta mama mzee ameketi mbele ya nyumba yake, akipepeta unga. Jina lake halikuwa katika karatasi. Lakini lilikuwa katika kitabu chetu kingine, pale tunapoandika wakristu waliopoa, kwa maana hakuonekana katika Misa tangu masika mawili. Tukamsalimu: «Kambo, hujambo? Mbona umetuacha?» Akatujibu: «Mwanangu Padri, mimi sikuwaacha. Magoti yamekataa. Nikifika kwenye kijito, siwezi kushuka, na nikishuka siwezi kupanda. Kengele ninaisikia kila siku ya Mungu.»

Tuliona haya. Tulipomwuliza katekista kwa nini hakumwandika, alistaajabu: «Lakini Padri, yule si kilema. Yule ni mzee tu. Anapepeta, anapika, anacheka na wajukuu.» Naye hakukosa. Tulimwuliza juu ya vilema, akatuletea vilema. Kosa lilikuwa katika ulizo letu. Ndipo tulipoanza kutafuta: ulizo hili lilitoka wapi, na waliotutangulia waliliuliza namna gani?

II. Wanaume wenye nguvu

Ulizo ni la zamani sana. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Hesabu, Musa anahesabu wanaume wa miaka 20 na zaidi, wanaoweza kwenda vitani. Katika sura ya 24 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, Daudi anatuma Yoabu kuwahesabu watu, naye anarudi na hesabu ya wenye kushika upanga: 800,000 katika Israeli na 500,000 katika Yuda. Mwanamke, mtoto, kipofu, kiwete hawamo. Si kwamba hawakuwako. Ila ulizo lilikuwa juu ya upanga, na asiyeshika upanga hakuwa jibu.

Wakati wa utawala wa Wabelgi ulizo lilikuwa karibu lile lile, ila badala ya upanga waliweka jembe, mzigo na kodi. Katika maandiko ya serikali ya wakati ule twakuta mara kwa mara herufi tatu: H.A.V., ni kusema «hommes adultes valides», wanaume wazima wenye nguvu. Kwa kipimo hicho walijua kijiji kitalipa kodi ngapi. Kwa kipimo hicho walijua wangapi waweza kulazimishwa kulima mashamba ya serikali, kwani tangu amri ya mwaka 1917 mkulima aliweza kudaiwa siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka. Na kwa kipimo hicho tume iliyochunguza jambo la wafanyakazi katika miaka ya 1924 na 1925 ilitafuta kiasi: katika kila mia ya H.A.V. ni wangapi waweza kutolewa kwenda kazi za Wazungu bila kukiharibu kijiji.

Tuangalie vizuri maana ya jambo hili. Vitabu havikumtafuta kilema. Vilimtafuta mwenye nguvu, na kilema ni yule aliyebaki baada ya kumwondoa mwenye nguvu. Tena alibaki kati ya wanaume tu. Mwanamke kipofu hakubadili hesabu ya kodi, kwa hiyo upofu wake haukuwa na sababu ya kuandikwa katika hesabu ile.

Tena watu wetu hawakuwa wajinga. Walielewa upesi ulizo lilitaka nini. Mtu akijua kwamba mguu mbovu utamwondoa katika kodi na katika shamba la pamba, mguu huo utamwuma sana siku ile anapofika bwana mkubwa na kitabu chake. Leo twaona kinyume chake na pia mfano wake. Pale watu wanapoona haya, kilema hufichwa chumbani. Pale gari la msaada linapotazamiwa, kilema hutoka nje, hata asiyekuwako hupatikana. Basi tushike fundisho hili la kwanza: jibu halifuati ulizo peke yake, hufuata pia yale ambayo mtu anafikiri yatakuja nyuma ya ulizo.

III. Mwili uliogawanywa katika mia

Penye machimbo kulihitajiwa kipimo chembamba zaidi. Chifu aliweza kusema «huyu ana nguvu», lakini kompani ilitaka namba. Wapimaji wa wafanyakazi katika Kongo walitumia kipimo cha Pignet, mganga wa askari wa Ufaransa. Kazi yake ni rahisi: chukua urefu wa mtu kwa santimetre, ondoa kipimo cha kifua kwa santimetre na uzito kwa kilo. Kadiri namba inayobaki ni ndogo, ndivyo mtu anavyohesabiwa kuwa na nguvu.

Tufanye mfano. Kijana ana urefu wa 165, kifua 84, kilo 56. Twaondoa 140 katika 165, inabaki 25: huyo ni wa katikati. Apitishe mwezi mmoja wa njaa, apunguke kilo mbili: inabaki 27, na sasa ameingia katika kundi la wanyonge. Mikono ni ile ile, kijana ni yule yule. Njaa ya mwezi mmoja imempitisha mpaka ambao yeye hauoni. Hatusemi kwamba waganga walikuwa na nia mbaya. Wengi walizuia watu wadhaifu wasipelekwe kufa kazini. Twasema tu kwamba mpaka uliwekwa na mtu, kwa ajili ya kazi fulani.

Kiisha zikaja sheria za ajali. Amri ya mwaka 1949 ilipanga malipo ya wafanyakazi weusi walioumia kazini ao waliopata ugonjwa wa kazi. Na baada ya uhuru, amri-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ilianzisha shirika la taifa la kuwatunza wafanyakazi, INSS, ambalo kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016 limegeuka kuwa CNSS. Humo mwili hupimwa kwa mia: jicho lina sehemu zake, mkono una sehemu zake, na mganga huandika ni sehemu ngapi za nguvu ya kazi zimepotea. Ni haki kubwa, kwani mjane na mtu aliyekatwa mkono hupata kitu. Lakini haki hiyo ni ya mtu mwenye kipande cha kazi. Aliyeangukiwa na jiwe ndani ya shimo la kompani ana asilimia zake. Aliyeangukiwa na jiwe lile lile katika shimo analolichimba mwenyewe, kama wanavyofanya vijana wengi wa Manono leo, hana hata moja. Jiwe halikuona tofauti. Kitabu ndicho kilichoiona.

IV. Ulizo la Kanisa

Isidhaniwe kwamba sisi tu nje ya historia hii. Wasomaji wetu walio katika seminari kubwa watakumbuka kwamba Kanisa pia limepima miili. Sura ya 21 ya Kitabu cha Walawi inawaondoa altareni kipofu, kiwete na mwenye mguu uliovunjika. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917, kanuni ya 984, kiliwazuia kupewa Daraja wale wenye kasoro ya mwili ambao hawawezi kuhudumu altareni bila hatari, kwa sababu ya udhaifu, ao kwa heshima inayofaa, kwa sababu ya sura. Na baada yao wenye kifafa. Kitabu kipya cha mwaka 1983, kanuni ya 1041, kinataja wazimu na magonjwa mengine ya akili yanayomfanya mtu asiweze kutimiza huduma, kwa shauri la wenye ujuzi. Kasoro ya mwili haimo tena katika orodha hiyo.

Katika miaka ile 66 mwili wa binadamu haukubadilika. Ulizo ndilo lililobadilika. Zamani liliuliza: mwili huyu una kasoro gani? Sasa linauliza: mtu huyu aweza kuitimiza kazi hii? Ni hatua ileile ambayo wenye kuhesabu watu wameifanya nje ya Kanisa, kama tutakavyoona.

V. Maulizo sita

Mwaka 2001 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mpango mpya wa kupanga habari za ulemavu, unaotazama si kiungo peke yake bali kazi za mtu katika maisha yake na vizuizi vinavyomzunguka. Mwaka ule ule, chini ya Umoja wa Mataifa, wataalamu wa hesabu kutoka nchi nyingi walianzisha kikundi kinachoitwa Kikundi cha Washington. Walitunga maulizo sita mafupi, yapate kuingia katika hesabu ya watu ya kila nchi. Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia, hata ukitumia chombo cha kusikilia? Kutembea ao kupanda ngazi? Kukumbuka ao kutuliza akili? Kujitunza mwenyewe, kama kuoga mwili mzima ao kuvaa? Kuelewana na wengine katika lugha yako ya kila siku? Na majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida nyingi, siwezi kabisa. Anayejibu «shida nyingi» ao «siwezi kabisa» hata kwa ulizo moja tu, huyo huhesabiwa.

Angalieni: neno kilema halimo popote. Limeondolewa kusudi. Mama wa kijito angekana mbele yetu sote kwamba yeye ni kilema. Lakini angeulizwa juu ya kutembea, angejibu bila haya.

Matunda ya mabadiliko haya yaonekana kwa jirani zetu. Katika Zambia hesabu ya watu ya mwaka 1990 ilipata vilema 0.9 kwa mia, na ile ya mwaka 2000 ilipata 2.7 kwa mia. Mwaka 2006 wachunguzi wakauliza kwa namna ya maulizo sita, wakapata kama 8.5 kwa mia wenye shida nyingi ao zaidi. Na uchunguzi huohuo, ukihesabu pia wenye shida kidogo, watoa 14.5, ukihesabu wasioweza kabisa tu, watoa 2.4. Watu ni walewale, siku ni zilezile, karatasi ni zilezile. Mahali pa kukata ndipo palipobadilika. Katika Uganda hesabu ya mwaka 2002 ilitoa kama 3.5 kwa mia, na ile ya mwaka 2014 ikatoa 12.4. Atakayesema kwamba katika miaka 12 Uganda ilijaa vilema ghafula, amesoma namba bila kusoma ulizo.

Lakini tusifurahi upesi. Katika Kenya hesabu ya mwaka 2009 ilipata watu 1,330,312, ni kusema 3.5 kwa mia. Mwaka 2019 Kenya ikatumia maulizo ya namna mpya, kwa wenye miaka 5 na zaidi, na namba ikashuka mpaka 2.2 kwa mia. Ulizo jema peke yake halitoshi. Mwenye kuuliza akichoka, akimwuliza baba wa nyumba kwa ajili ya wote, akiruka maulizo kwa sababu jua limekuwa kali, ulizo jema litaleta jibu lilelile la zamani.

Na sisi katika Kongo? Hesabu ya kisayansi ya taifa lote ilifanyika tarehe 1 Julai 1984, ikapata watu karibu milioni 30. Tangu hapo haijafanyika nyingine. Katikati kumepita vita vya miaka 1998 mpaka 2003, kumepita mapigano ya Wabatwa na Waluba katika jimbo letu la Tanganyika, na katika miaka ya 2022 na 2023 polio ya namna ile inayotoka katika chanjo iligusa tena watoto wa Tanganyika. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za wenye kuishi na ulemavu, na sheria ya kuwalinda ilitolewa tarehe 3 Mei 2022. Sheria tunayo. Hesabu ya wale inaowalinda ndiyo inayotukosa. Kwa hiyo karatasi ya katekista wa kijiji si kitu kidogo. Mahali pengi ndiyo karatasi ya pekee.

VI. Maulizo katika kinywa chetu

Tuliyachukua basi maulizo sita, tukarudi pamoja na katekista nyumba kwa nyumba. Tulijifunza mambo matatu ambayo twapenda kuwapa wenzetu.

La kwanza ni «ndiyo» yetu. Mfaransa akiulizwa «hapana kipofu hapa?» hujibu «hapana». Sisi twajibu «ndiyo», ni kusema: ndiyo, umesema kweli, hayuko. Mwandishi asiyeangalia huandika kinyume. Basi tusiulize kamwe kwa kukana.

La pili ni «kidogo» yetu. Mgonjwa aliyelala mwezi mzima, ukimwuliza habari, atakuambia «muzuri kidogo». Ni heshima; hataki kumwekea mgeni mzigo. Mzee anayeshika ukuta kwa kutembea atasema «shida kidogo tu». Hapo inafaa kungoja, kiisha kumwuliza juu ya jambo analolijua: unafika mtoni? Unafika shambani? Wapi unasimama? Kwetu hapana ngazi za kupanda, lakini kingo za Luvua ziko. Vilevile ulizo la miwani: mahali wasipoweza kupata miwani, maana yake ni macho yenyewe tu, na wengi wanaoitwa hapa wasioona wangeona kama duka la miwani lingekuwa karibu.

La tatu ni wale ambao maulizo sita hayawaoni. Kijana mwenye kifafa, siku ile hakuanguka, atajibu mara sita «hapana shida», hali wenzake hawakubali kula naye sahani moja. Zeruzeru mwenye macho yanayotosha atajibu vivyo hivyo, ingawa jua lamchoma na watu wamcheka. Mtoto mchanga hawezi kupimwa kwa maulizo haya. Kwa watoto wa miaka 2 mpaka 17 Kikundi cha Washington na UNICEF walitoa maulizo mengine mwaka 2016. Na mwenye huzuni nzito anaona, anasikia, anatembea. Kwa hao, sharti katekista aongeze anayoyajua mwenyewe, kwani yeye anakaa kati yao, na karatasi inapita tu.

Tulipomaliza, karatasi ilikuwa na kurasa mbili zilizojaa. Katekista aliisoma polepole, halafu akasema: «Padri, hawa wote nilikuwa ninawasalimu kila asubuhi.»

VII. Mwisho

Kila namba tuliyoitaja ilikuwa na bwana wake. Namba ya Daudi ilitumikia vita, ya H.A.V. ilitumikia kodi na kazi. Ya Pignet ilitumikia kazi za kompani. Ya asilimia yatumikia malipo. Ya maulizo sita yatumikia sheria na haki. Hakuna iliyosema uwongo mtupu, wala hakuna iliyosema mtu mzima. Anayesoma hesabu ya vilema aulize kwanza mambo matatu: waliulizaje, walimwuliza nani, na walitaka kuifanyia nini?

Nasi wenyewe tumepata jibu la ulizo la tatu kwa namna ndogo. Tulifuta jina la mama yule katika kitabu cha waliopoa. Tumeandika pembeni neno moja: kijito. Vijana wa kijiji walikata miti miwili mikubwa, wakailaza juu ya maji, wakafunga fito upande mmoja pa kushikia. Tena kila Ijumaa ya kwanza mmoja wetu anavuka kumpelekea Komunyo, kwani kwenda mpaka kanisani bado ni mbali kwa magoti yake. Katika Injili Bwana wetu alimwuliza kipofu wa Yeriko alitaka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote. Hakuuliza kwa kutojua. Tangu siku ile ya kijito, sisi pia twaweka ulizo hilo mwisho wa karatasi yetu, baada ya yale sita, na twaliachia nafasi kubwa ya kuandika.